Waini nyekundu haikuwa mbaya, ilikuwa ya moto

Kwa miaka kama minne nilikuwa naapa kwamba waini nyekundu si kinywaji cha mtu mwenye akili timamu. Niliionja mara ya kwanza mwezi wa pili, Tabata, umeme umekatika, kwenye kikombe cha plastiki. Pua ilikutana na spiriti kabla ulimi haujaambulia kitu. Nikahamia nyeupe, na sababu ilikuwa moja tu: nyeupe ilikuwa inatoka kwenye friji.

Aliyenitoa tongotongo ni shemeji yangu wa Dodoma. Watu wa kule wana zabibu kama sisi wa Dar tulivyo na foleni. Wanavuna mara mbili kwa mwaka. Siku hiyo alishuka na treni ya SGR na chupa mbili mkobani, nyeupe ya zabibu aina ya Chenin Blanc na nyekundu ya zabibu aina ya Makutupora. Nikaitia nyeupe kwenye friji, nyekundu nikaiacha juu ya kabati la jikoni.

"Shem, mbona hii unaibagua?"

"Si wanasema nyekundu inanywewa kwa joto la chumba?"

"Chumba cha nani?"

Sikuwa na jibu. Ushauri ule ni wa Ulaya, kwenye nyumba za mawe zenye digrii 17 hivi. Sebule yangu mwezi wa pili inagonga 31, na kwa joto hilo kinachokufikia puani ni pombe, zabibu huisikii. Tukaiingiza nyekundu kwenye friji nusu saa. Nilipoionja nilikaa kimya, yeye akacheka. Tangu hapo nafanya hivi: nyekundu inaingia kwenye friji dakika 30 kabla ya kunywa, nyeupe inatoka dakika 15 kabla. Ndiyo, nyeupe nayo inahitaji kupumzika, maana ikiwa baridi kama barafu ulimi unakufa ganzi na kila nyeupe inakuwa sawa na nyenzake.

Sasa tofauti yenyewe. Maji ya zabibu karibu zote hayana rangi, hata ya zabibu nyeusi. Rangi iko kwenye ganda. Nyeupe inakamuliwa na maganda yanatupwa mapema. Nyekundu inachachuka pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa, na maganda hayo hayatoi rangi peke yake, yanatoa na ukakasi. Ukakasi unaujua: uma bibo la korosho, au kunywa chai ya rangi iliyosahaulika na majani yake, halafu sikia ulimi ulivyopigwa msasa. Nyeupe yenyewe inasimama kwa uchachu. Kipimo changu ni cha kienyeji lakini hakijaniangusha: meza, subiri kidogo, kisha sikiliza mdomo. Ukikauka, hapo kuna ukakasi. Ukijaa mate, ni uchachu.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kununua nyekundu tamu na nyeupe kavu, yaani isiyo tamu, halafu anatangaza kwamba nyekundu ndiyo nzuri. Huyo kalinganisha soda na chai isiyo na sukari. Soma lebo, chukua zote kavu au zote tamu. Ukishazoea, shika aina moja ya zabibu kutoka sehemu mbili: Chenin Blanc ya Dodoma na ya Afrika Kusini, ambako ndiyo zabibu ya mvinyo inayolimwa kuliko zote. Mimi hilo ndilo lililonifundisha zaidi.

Na ufiche chupa. Mimi nilizivalisha soksi za shule za mwanangu (zilikuwa zimefuliwa), nikamimina vidole viwili viwili kwenye vikombe vya bati, zote zikiwa na ubaridi uleule, nikampa shemeji na kitambaa machoni. Bingwa wa Dodoma aliitaja nyeupe moja kuwa nyekundu, tena kwa kujiamini. Asijisikie vibaya. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa mambo ya mvinyo walipewa nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu, wakaielezea kwa maneno ya nyekundu. Macho yana kiherehere.

Kuhusu chakula sina mengi. Mishkaki yenye mafuta na chumvi inaulainisha ukakasi wa nyekundu mpaka unausahau. Changu wa kukaanga na nyekundu iliniachia ladha ya msumari mdomoni, sirudii. Huyo mpe nyeupe na ndimu. Pilipili nyingi inaongeza moto wa pombe, kwa hiyo kachumbari ya pilipili mbuzi kaa nayo mbali mpaka umalize kuonja.

Usinunue chupa iliyopangwa dirishani. Kuna duka moja jirani na kwangu zinaota jua kutwa nzima, na niliyoinunua pale ilikuwa na ladha ya zabibu kavu zilizopikwa. Nilidhani ndivyo ilivyo, nikaimaliza.

Ikibaki, zote mbili rudisha kizibo na uzitie kwenye friji, nyekundu pia. Siku mbili tatu zinavumilia. Ya siku ya tano mimi naimwaga kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe, na mwanangu bado anauliza soksi yake ya pili iko wapi.