Deni limekwisha, mbona hurudi nyumbani?

*Shangazi, nilikulia katika ufukara, nikaapa watoto wangu hawataonja niliyoyaonja. Nilichukua kazi ya pili ili nilipe deni. Deni limekwisha siku nyingi, lakini kuacha siwezi. Mke wangu anasema pesa zangu anaziona, mimi mwenyewe hanioni. Nimekosea wapi? – Mchapakazi*

Mwanangu Mchapakazi,

Kuthamini pesa si kosa, na asikuaibishe mtu kwa hilo. Wanaosema pesa si kitu, wengi wao hawajawahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada, wala kukesha na mgonjwa wasijue dawa itatoka wapi. Mwaka 2023 Matthew Killingsworth, Daniel Kahneman na Barbara Mellers walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa Marekani: kwa wengi, furaha huzidi kupanda kadiri kipato kinavyopanda. Ila kwa wale wenye huzuni kuliko wengine, kikishafika kiwango fulani, nyongeza haiwapunguzii majonzi tena.

Sasa nikuambie nilichokiona katika barua yako ndefu, ambayo hapa juu nimeifupisha. Deni umelitaja mpaka tarehe uliyolimaliza. Umeorodhesha ulivyovinunua, mwaka baada ya mwaka. Lakini watoto umewaita "watoto" tu, mwanzo hadi mwisho. Sijui ni wangapi, sijui wana umri gani, wala nani anapenda nini. Sisemi huwapendi; jasho lote hilo ni lao. Ila umewapenda kwa mbali mno, na mkeo ndicho anacholilia.

Nionavyo mimi, kinachokutoa nyumbani si tamaa, ni woga. Deni lilikuwa na kiasi, ndiyo maana ulilimaliza. "Wasije wakateseka" haina kiasi. Ukiipa vyote itadai tena.

Basi ipe kiasi. Kaeni wewe na mkeo, kalamu na karatasi: matumizi ya nyumba, ada, akiba ya dharura ya miezi kadhaa. Kazi ya kwanza ikitosha, panga tarehe ya kuacha ya pili na umtajie. Ikipelea, mjue imepelea kiasi gani, utafute hicho tu. Hesabu hiyo usiifanye bila yeye, maana ni yeye aliyebeba nyumba peke yake muda wote huu.

Watoto hawatakukimbilia siku ya kwanza. Watakuamkia kwa adabu, kisha waendelee na yao. Itauma. Usikimbilie dukani kununua kitu ili wakuchangamkie; kaa papo hapo, uliza, sikiliza majibu mafupi. Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikifuatilia maisha ya watu tangu 1938, na walioridhika na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Bado unao muda wa kuyajenga yako.

Na kesho mkeo akikuuliza utarudi saa ngapi, mtajie saa, kisha uitimize.

Shangazi yako