Wasimamizi wapya wa mashamba ya chai, anzeni na mzani

Kila mvua zikianza hapa Mufindi tunapokea wasimamizi wapya, na haifiki Krismasi wachumaji wameshaacha kuongea nao. Mwaka huu nimeyaona yaleyale. Wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Mchumaji asome mzani mwenyewe, utaje kilo kwa sauti, ndipo uandike. Stika ya Wakala wa Vipimo iwe ya mwaka huu.

2. Kilo za maji. Hapa ndipo mnapoangukia. Majani yakiloa yanaongeza uzito, kwa hiyo siku ya mvua lazima kitu kikatwe. Hilo hakuna mchumaji anayelibishia. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akikadiria kwa macho: huyu kilo mbili, yule tatu. Mama mmoja akamuuliza kwa nini yeye amekatwa kuliko mwenzake waliyechuma naye mstari mmoja, mvua ileile. Akajibiwa, "Mama, usinicheleweshee foleni." Yule mama akaondoka bila neno, kijana akadhani yameisha. Yaani! Wiki hiyohiyo badala ya majani mawili na chipukizi, vikapu vikaja na majani makubwa yaliyokomaa, maana kilo zinazopotea mzanini watu walikuwa wakizitafuta shambani. Kiwanda kikalalamika. Kijana akafoka, akaongeza makato. Wachumaji wazoefu wakahamia shamba la jirani majani yakiwa ndiyo yamechachamaa, na yaliyobaki yakakomaa kwenye miti bila wa kuyachuma. Kijana yule hakuwa mwizi, nakuapieni, hata senti moja hakuchukua. Lakini mchumaji angejuaje, na hesabu yote ilikuwa kichwani mwa msimamizi? Kateni kwa kiwango kimoja, mkitangaze asubuhi mbele ya wote, na anayeuliza ajibiwe palepale hata foleni ikisimama.

3. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka malipo yaambatane na maelezo ya maandishi. Wapeni, na asiyejua kusoma msomeeni.

4. "Kamwene", salamu ya huku kwetu, kwanza; filimbi baadaye.

5. Trekta la kubeba majani kwenda kiwandani likichelewa, msikimbilie nyumbani. Majani yaliyoshindiliwa kwenye magunia yanapata joto na kuharibika, na lawama zitawashukia wachumaji waliochuma vizuri tangu alfajiri. Yatandazeni kivulini, andikeni saa trekta lilipofika, kisha mpigieni meneja simu hapohapo bandani, wachumaji wakisikia mnavyowatetea.