Feri ya Shimoni na Pemba: nihamie huko au nibaki na meli ya Tanga?

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni wakala mstaafu wa forodha, bandari ya Tanga.

Shikamoo mama. Mimi ni mfanyabiashara wa Ngamiani. Napeleka viazi na karoti za Lushoto Wete, ambako dada yangu ana genge. Madereva wa Horohoro wanasema wenzetu wa Kwale, Kenya, wanapanga feri ya kutoka Shimoni hadi Pemba, na kwamba njia hiyo ni fupi kuliko ya kutoka Tanga. Je, nihamishie mzigo wangu huko? Nina kitambulisho cha NIDA tu, pasipoti sina. (Msomaji, Ngamiani)

Marahaba mwanangu. Kwa ramani hawakukudanganya. Shimoni hadi Wete ni kama kilomita 60 ukipiga mstari ulionyooka, na Tanga hadi Wete ni kama 70. Lakini mzigo wako hauanzii Shimoni. Itabidi uupakie hadi Horohoro, utoke Tanzania, uingie Lunga Lunga, upande wa Kenya, na mzigo ukaguliwe, ushuke hadi Shimoni, utoke Kenya, halafu ufike Wete uanze upya na watu wa uhamiaji na forodha, kana kwamba viazi vya Lushoto vimelimwa ng'ambo. Na kwa safari hiyo NIDA haitoshi. Utahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria, vyote vinapatikana ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Ukipandia Tanga unakwenda Pemba ukiwa ndani ya nchi yako. Baki na meli ya Tanga.

Hata hivyo usiibeze feri hiyo, maana wapo inaowahusu kuliko mimi na wewe. Pwani ya Kwale, kuanzia Vanga na Shimoni kwenda juu, mpaka Kilifi, kuna Wapemba waliohamia vizazi vingi nyuma kwa ajili ya uvuvi. Wengi wameishi huko bila kitambulisho cha Kenya wala cha kwetu, mpaka mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa moja ya jamii za nchi hiyo. Wapo pia watu waliokimbilia Shimoni kwa mashua Januari 2001, baada ya mauaji ya waandamanaji Pemba. Walivuka zaidi ya elfu mbili. Mtu mwenye mama mzazi Micheweni na watoto Shimoni, akipigiwa simu kwamba kuna msiba, huwa anafanya nini? Anakwenda bandari bubu usiku, analipa, anakaa juu ya magunia. Kitambulisho sasa anacho, na pasipoti anaweza kuiomba. Kilichobaki ni chombo halali cha kumvusha mchana, mbele ya macho ya watu. Kwa huyo naiombea feri ifike hata kesho.

Sasa nikuambie cha kuuliza siku itakapotangazwa, wewe na kila atakayeipanda. Bei ya tiketi iache kwanza. Uliza nani anaandika majina.

Nimesimama kwenye lango la abiria miaka mingi na nimeona yanavyoandikwa. Karani ana daftari, foleni inasukuma, meli imeshapiga honi. Anafika mama ana mtoto mgongoni, mwingine ameshika upindo wa kanga, wa tatu amebeba ndoo. Karani anaandika jina moja, anachana tiketi, "haya mama pita." Nilimshika mkono nikamwambia aandike manne. Akaniambia watoto hawalipi. Nikamwambia sikuulizi nauli. Aliandika, kwa kununa, lakini aliandika. Orodha ya abiria ndiyo inayomwambia mwokoaji atafute wangapi, na ndiyo inayowaambia ndugu waliobaki nyumbani kama waendelee kungoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaa kupita uwezo wake, ikazama njiani, maeneo ya Nungwi. Waliokolewa zaidi ya watu 600. Waliokufa ni wangapi? Mpaka leo watu wanabishana, kwa sababu waliopanda hawakuandikwa wote. Kuna nyumba Pemba zilizosoma hitima bila kuzika mtu. Feri ya nchi mbili itakuwa na gati mbili na maofisa wa serikali mbili, hivyo orodha iliyofungwa Shimoni lazima iwe ndiyo inayosomwa Pemba, jina kwa jina, hadi mtoto wa mgongoni. Pasipo hilo mimi nisingempandisha mjukuu wangu.

Cha pili, uliza chombo kilitengenezwa kwa bahari gani. MV Skagit iliyopinduka karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji ya ndani ya Seattle. Julai kwetu ni kusi kamili. Na Mkondo wa Pemba si mlango wa mto: kina chake kinafika kama mita 800, na maji yanakimbia kwenda kaskazini. Ukitoka Shimoni kwenda Wete unaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo kusi linakupiga usoni safari nzima. Kutoka Tanga linakupiga ubavuni, nalo lina adha yake. Ratiba ya kweli itakuwa na miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ambapo chombo kinakwenda kila kinapopangiwa, na miezi ya Juni hadi Agosti ambapo nahodha ana ruhusa ya kusema leo hatuondoki, na abiria akarudishiwa nauli yake bila kubembeleza. Kampuni itakayokuahidi mwaka mzima bila kukosa siku hata moja, iogope.

Mpe salamu dada.

Mama, mimi ni kijana wa Moa, Mkinga. Baba ana mashua ya mashine, tunavusha watu na bidhaa. Feri ikija tutakula wapi?

Mwanangu, feri itafunga kwenye gati moja kubwa, pengine Mkoani ambako meli kubwa zimezoea kufunga, au Wete. Mtu wa Kojani au wa kisiwa cha Fundo atashuka hapo akiwa bado ana safari ya maji. Na Moa feri haitakuja. Kazi ya vyombo vidogo haitakwisha.

Itakayokwisha, na naomba iishe, ni ile ya kupakia bandari bubu saa nane za usiku. Januari 2017 chombo kilichotoka Tanga kwenda Pemba kilizama karibu na kisiwa cha Jambe, hapa hapa mbele yetu, na watu wakafa. Mwambie baba mashua ikaguliwe na kusajiliwa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, jaketi za kuokolea ziwe sawa na idadi ya watu, na zivaliwe kabla ya kung'oa nanga. Mkivuka kwenda Kenya, anzieni bandari yenye ofisa uhamiaji na muishie Shimoni au Vanga, ambako ofisi zipo. Vanga mnaijua: maji yakipwa mnakwama kwenye mikoko, kwa hiyo pigeni hesabu ya bamvua kabla ya kupokea nauli ya mtu.

Je, feri ikianza nitaweza kutoka Pemba na gunia la karafuu kwenda kuuza Kenya? (Msomaji, Chumbageni)

Hapana. Karafuu ya Zanzibar inanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuivusha mwenyewe ni magendo, iwe kwa feri au kwa ngalawa. Watu wamekamatwa kwa njia hiyo ya Kenya tangu mimi sijaajiriwa.

Bidhaa nyingine zina njia nzuri ambayo wafanyabiashara wadogo wengi hawaijui. Mzigo uliozalishwa ndani ya Afrika Mashariki, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, bila ushuru wa forodha. Cheti kinajazwa pale pale mpakani. Nenda Horohoro, omba uonyeshwe orodha hiyo, na uisome kabla hujatoa hela ya mzigo.