Kupiga Kambi Bure Katika Ardhi ya Umma ya Marekani: Anza na Mwenye Ardhi

Watu wengi wa kwetu wanaoishi Marekani hudhani kwamba anayetaka kulala nje ya mji ana njia mbili tu: kukata nafasi katika kambi rasmi miezi kadhaa kabla, au kulipia hoteli. Ipo njia ya tatu, nayo ni halali kabisa. Ni kupiga kambi bure katika ardhi ya umma, mahali pasipo na bomba, choo, umeme wala mhudumu, iwe kwa hema au kwa yale magari ya kambi yanayoitwa RV, yenye kitanda, jiko na choo ndani. Mimi na familia yangu tunaishi Phoenix, Arizona, na hii ndiyo likizo yetu kwa miaka kadhaa sasa. Ndugu na jamaa wanaotaka kutuiga huniuliza kwanza ni programu gani ya simu inayoonyesha sehemu za bure. Kwa maoni yangu, hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni ardhi hiyo ni ya nani, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama utalala kwa amani au utagongewa dirisha saa nane usiku.

Ofisi ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, ambayo kila mtu huiita BLM, inashika takriban ekari milioni 245, eneo linaloizidi Tanzania nzima, na Idara ya Misitu inashika nyingine zipatazo milioni 193. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iko magharibi na Alaska, na sababu yake ni ya kihistoria. Baada ya wenyeji wa asili kunyang'anywa nchi yao, sheria ya mwaka 1862 iliwapa walowezi mashamba ya ekari 160 kwa sharti la kuyaendeleza na kuishi humo miaka mitano. Nao, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, walichukua kwanza penye maji na udongo mzuri, jangwa na miamba vikabaki mikononi mwa serikali. BLM yenyewe iliundwa mwaka 1946, na mwaka 1976 ikapitishwa sheria kwamba ardhi hiyo, kwa jumla, iendelee kuwa mali ya umma badala ya kugawiwa. Ndiyo maana mtu wa Nevada, Utah au Arizona anaweza kuendesha gari muda mfupi tu nje ya mji akapata mahali pa kulala bila kumlipa mtu, ilhali mwenzake wa Texas, ambako karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, anazunguka siku nzima akipishana na uzio. Texas alama ya rangi ya zambarau juu ya mti au nguzo ina nguvu ya kisheria sawa na kibao cha kukataza kuingia, kwa hiyo usidhani kwamba pasipo na kibao pako wazi.

Hapa Arizona ramani ya umiliki ni ya viraka, na ni lazima uisome kiraka kwa kiraka. Ardhi ya BLM na ya misitu ya taifa kwa kawaida inaruhusu kupiga kambi nje ya kambi rasmi, isipokuwa palipowekwa kibao cha kukataza. Ardhi ya dhamana ya jimbo (state trust land), ambayo jimbo hulishika ili iingize mapato ya shule na taasisi za umma, na ambayo kwa macho haina tofauti yoyote na ile ya BLM iliyo ng'ambo ya barabara, inahitaji kibali cha kulipia. Ardhi ya mataifa ya wenyeji wa asili, kama Navajo, si ardhi ya umma hata kidogo. Wana serikali yao na sheria zao, na anayetaka kulala huko huomba kibali kwao. Ndani ya hifadhi za taifa huwezi kusimama kando ya barabara ukalala, ila mara nyingi msitu wa taifa unapakana na hifadhi yenyewe. Mfano mzuri ni Grand Canyon: nje kidogo ya lango la kusini, karibu na mji mdogo wa Tusayan, upo msitu wa Kaibab, na barabara yake ya vumbi namba 302 imezoeleka sana kwa watu wanaolala bure msituni kisha asubuhi wakaingia hifadhini. South Dakota vilevile, nyanda za serikali za Buffalo Gap zimeizunguka hifadhi ya Badlands.

Bure haina maana ya kukaa utakavyo. Kwa BLM kanuni ya kawaida ni siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unahama. Misitu mingi nayo ina kikomo kinachokaribiana na hicho, lakini kila msitu una amri zake, kwa hiyo uliza ofisi ya wilaya ya msitu husika. Mimi hupiga simu kabla ya kila safari. Anayepokea kwa kawaida ni mtu anayezijua barabara zile kwa majina, naye atakwambia ipi imefungwa kwa theluji, ipi imesombwa na mvua, na kama moto umepigwa marufuku. Simu ya dakika tano hivi inashinda jioni nzima ya kusoma maoni ya wasafiri.

Ramani ninayoitegemea zaidi katika misitu ya taifa ni ile inayoitwa MVUM, inayotolewa bure na Idara ya Misitu, ambayo unaweza kuipakua kwenye simu kwa programu kama Avenza na ikaonyesha mahali ulipo hata kama mtandao wa simu haupo. Si ramani ya kupendeza: haina rangi za milima wala picha za vivutio. Kazi yake ni ya kisheria. Barabara isiyoonekana katika ramani hiyo hairuhusiwi kwa magari, hata kama ukifika unaiona kwa macho yako, imelimwa na magurudumu ya watu waliokutangulia. Kandokando ya baadhi ya barabara utaona nukta zilizopangwa kwa mstari. Hizo zinaonyesha mahali ambapo gari linaruhusiwa kutoka barabarani kwa ajili ya kupiga kambi, na ufafanuzi wa ramani hutaja ni umbali gani, ambao hutofautiana msitu hadi msitu.

Ukishafika, angalia vibao vya namba mwanzoni mwa barabara. Katika misitu ya taifa, kibao ambacho namba yake imeandikwa kwa mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kawaida ni cha barabara inayofaa gari dogo. Kile chembamba cha kahawia, ambacho tarakimu zake zimepangwa kutoka juu kwenda chini, kinaashiria njia mbovu inayohitaji gari lililoinuka au la 4x4. Nimeona watu wakikipita kibao cha namna hiyo wakiwa na trela ya futi 30 nyuma yao, na nusu saa baadaye wanarudi kinyumenyume, mke akiwa chini anaelekeza kwa mikono, mume amekunja uso. Kwa mwenye gari kubwa la kambi ushauri wangu ni mmoja: liache mahali pa wazi mwanzoni mwa barabara, uende kwa miguu au kwa gari dogo hadi uone mahali pa kugeuzia, ndipo uliingize. Picha za satelaiti husaidia kuona duara jeupe la udongo ambalo watu wamewahi kulitumia kama kambi, lakini hazionyeshi kina cha makorongo yanayokatiza njia.

Fika mchana. Ukichelewa barabarani, lala mjini au katika maegesho ya duka linaloruhusu magari ya kambi. Walmart, kwa mfano, huachia uamuzi huo kwa meneja wa kila duka, kwa hiyo uliza ndani kabla ya kuzima injini. Mchana unaweza kuona mambo ambayo tochi haiyaonyeshi. Tafuta pale palipokwisha tumika, penye udongo ulioshindiliwa na duara la mawe yaliyoungua, badala ya kukanyaga majani mapya. Tazama juu kama kuna mti mkavu unaoweza kuanguka. Halafu tazama chini: mchanga laini uliotandazika vizuri, wenye mawe ya mviringo na vijiti vilivyojikusanya kwenye vichaka vya kandokando, ni kitanda cha mto mkavu, na katika majira ya mvua za kiangazi mvua iliyonyesha mlimani, usiyoiona wala kuisikia, inaweza kukufikia hapo ikiwa ukuta wa maji na matope. Mchanga huo unavutia sana kulalia, na ndiyo hatari yake. Arizona pia sheria inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili ya chanzo cha maji kwa namna inayowanyima wanyama wa porini au mifugo nafasi ya kunywa. Mfugaji yeyote wa kwetu ataielewa sheria hiyo bila kufafanuliwa.

Majira hapa hufuatwa kwa kupanda na kushuka. Wakati wa baridi tunashuka jangwani, na kiangazi, joto la Phoenix linapopita nyuzi 43 za Selsiasi, tunapanda misitu ya Coconino na Kaibab, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, ambako hata mwezi Juni usiku unaweza kuhitaji blanketi mbili. Wenye magari ya kambi kutoka kaskazini hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa: kila majira ya baridi humiminika Quartzsite, mji mdogo wa jangwani magharibi mwa Arizona, ambako BLM ina maeneo ya kulipia ya kukaa msimu mzima, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, na kando yake maeneo ya bure ya siku 14 kama Plomosa Road na Dome Rock. Kwa anayeanza, napapendekeza hapo kuliko mahali pa upweke, kwa sababu ardhi ni tambarare, majirani wapo na mji uko karibu. Ukiwa hapo, pita makaburini uone kaburi la Haji Ali, mwongoza ngamia aliyeletwa kutoka dola ya Uturuki katika miaka ya 1850, jeshi la Marekani lilipojaribu kutumia ngamia jangwani. Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly, na juu ya kaburi lake pamejengwa piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia.

Sasa programu za simu. iOverlander na Campendium zote mbili zinafaa, mradi uzitumie kuthibitisha kile ambacho ramani imekwisha kukuambia. Nikisoma maoni ya wasafiri huangalia mambo matatu kabla ya sifa: yameandikwa mwezi gani, mwandishi alikuwa na gari la aina gani, na kama anataja namba ya barabara. Sifa za mwezi Februari hazikusaidii Agosti. Sheria nazo hubadilika mahali panapopata umaarufu. Alabama Hills, karibu na Lone Pine kule California, ambako zamani watu walijiingilia tu, sasa kunahitaji kibali, ingawa hakilipiwi.

Kuhusu moto nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa safari zetu Waswahili hazikamiliki bila nyama choma. Ukame ukizidi, mamlaka hutangaza vizuizi vya moto kwa ngazi. Hata katika ngazi ya kwanza, moto wa kuni na wa mkaa kwa kawaida huruhusiwa tu katika kambi rasmi zenye meko yaliyojengwa, yaani sisi tuliolala bure msituni haturuhusiwi, na jiko la mkaa linahesabiwa kuwa moto. Jiko la gesi lenye vali ya kufungia ndilo linaloruhusiwa mara nyingi, kwa hiyo libebe daima, na nyama uichome nyumbani kabla. California inadai kibali cha moto, cha bure, hata kwa jiko la gesi ukiwa nje ya kambi rasmi. Kuni nazo usizisafirishe kutoka mbali, maana hubeba wadudu waharibifu wa miti. Nunua karibu na unakokwenda.

Maji beba yote: lita nne kwa mtu kwa siku ni kiwango cha chini cha kunywa na kupikia, na jangwani sisi huongeza. Choo ni shimo la inchi 6 hadi 8, umbali wa futi 200 au zaidi kutoka kwenye maji, njia na kambi, na karatasi inarudi nawe kwenye mfuko. Mwenye gari la kambi hamwagi tangi la maji taka porini kwa hali yoyote. Vituo vya kumwagia vipo katika kambi rasmi na katika vituo vingi vya mafuta vya malori, kwa ada ndogo. Maeneo mengi yaliyofungwa yamefungwa kwa sababu ya uchafu.

Wengi huniuliza pia kama ni salama kwa familia ya watu weusi kulala mbali hivyo. Ninachoweza kusema ni tunavyofanya sisi: tunachagua mahali ambapo kambi nyingine inaonekana kwa mbali, tunawasalimu majirani mapema kabla giza halijaingia, tunamwachia shangazi wa watoto jina la msitu na namba ya barabara, na tukipata wasiwasi, hata usio na sababu ya wazi, tunaondoka. Askari wa misitu akipita, kwa kawaida huuliza mmekaa usiku ngapi na kama mnajua amri ya moto. Nami humwonyesha ramani kwenye simu. Hakuna karatasi ya kutafuta, kwa kuwa sehemu nyingi hizi hazihitaji kibali.

Kwa walioko mashariki, ardhi ni ndogo zaidi lakini ipo, na karibu yote ni ya misitu ya taifa. Walioko Louisville na Lexington waanze na msitu wa Daniel Boone, wakijua kwamba kulala katika Red River Gorge, eneo la makorongo ndani ya msitu huo, kunahitaji kibali. Walioko North Carolina wana Pisgah na Nantahala. Walioko Maine wanaweza kuvuka hadi White Mountain kule New Hampshire. Huko miti ni minene na barabara za kuingiza gari kubwa ni chache, kwa hiyo ni nchi ya hema zaidi kuliko ya RV, na simu kwa ofisi ya msitu inahitajika kuliko hata huku kwetu.