Huyu daktari katokea wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Mwanangu alipasuliwa ngiri kwenye kituo kimoja cha binafsi. Kidonda kikatunga usaha hadi tukakimbilia Dodoma mjini. Sasa jirani ananiambia daktari yule aliachishwa kazi mkoa mwingine kwa makosa ya namna hiyo. Ningejuaje mapema? – Mama, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Usaha peke yake haumtii mtu hatiani. Hata mikononi mwa bingwa kidonda huweza kuoza. Na neno la jirani ni neno la jirani. Lakini swali lako ni la haki kabisa, nami nimelibeba moyoni miaka mingi.

Hospitali moja niliyofanya kazi ilimpokea tabibu mwenye barua nzuri ya utumishi. Mwaka haukuisha, akina mama wawili wakarudi, kitambaa cha kufutia damu kimesahaulika tumboni. Baadaye nikakutana kwenye semina na muuguzi wa kituo alichotoka. "Yule? Tulimwandikia barua nzuri ili aondoke kwa amani." Sijawahi kuyasahau maneno hayo. Amani yao waliilipia akina mama wale.

Leseni inakuambia mtu ameruhusiwa kutibu. Haikuambii alitibu vipi huko nyuma. Marekani waliona madaktari wakiharibu jimbo moja na kuhamia jingine, wakatunga sheria mwaka 1986, na tangu 1990 wana hazina ya kumbukumbu iitwayo National Practitioner Data Bank. Humo huingia fidia zilizolipwa kwa uzembe na adhabu za leseni. Hospitali inalazimika kuuliza humo kabla ya kumpokea daktari, kisha kila baada ya miaka miwili. Mgonjwa wa kawaida haruhusiwi kuchungulia, na hilo mimi sikubaliani nalo, ila angalau mwajiri hawezi kusema hakujua.

Kwa hiyo wewe usijilaumu. Wa kuuliza alikotoka alikuwa mwenye kituo.

Sasa fanya hivi. Kwanza pata jina lake kamili na cheo chake halisi, maana huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe tunamwita daktari, hata mimi niliitwa. Kama ni daktari au tabibu, malalamiko yanakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika; kama ni muuguzi, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mganga mkuu wa wilaya ya Kongwa naye apate barua. Andika tarehe ya upasuaji, siku usaha ulipoanza, na walichokuambia hospitali ya mjini. Ya jirani usiyaandike kama ushahidi. Omba tu baraza lichunguze kumbukumbu zake za nyuma. Wao wana uwezo wa kuuliza huko alikotoka.

Ambatanisha nakala za kadi na risiti. Karatasi halisi usimwachie mtu, hata akikuahidi kuzirudisha kesho.