Bima ya wafanyakazi ikipanda kila mwaka, anza na ripoti ya madai

Barua ya kuhuisha bima ikifika na ongezeko la asilimia 20, ofisi nyingi hukimbilia kisu: kikomo cha matibabu ya nje kinapunguzwa, miwani na meno vinaondolewa, wafanyakazi wananuna. Mwaka unaofuata bei inapanda tena, kwa sababu kilichokuwa kinakula fedha hakikuguswa. Nani kakiona? Ripoti ya madai haikufunguliwa.

Idai kwa dalali wako au kwa kampuni ya bima kuanzia mwezi wa nne wa mkataba, kisha kila mwezi. Usingoje mwezi wa kumi na moja, hapo huna la kurekebisha. Iwe imegawanywa kwa aina ya ugonjwa, kwa hospitali, waliolazwa na wasiolazwa, wafanyakazi na wategemezi. Majina ya wagonjwa yasiwemo. Hesabu yenyewe ni nyepesi: ukilipa ada ya shilingi milioni 96 na hospitali zikadai milioni 88, uwiano ni karibu asilimia 92. Kinachobaki hakiitoshi kampuni ya bima hata kuendesha ofisi, na ongezeko italileta tu. Angalizo: miezi miwili ya mwisho kwenye ripoti huonekana mizuri kuliko ilivyo, maana hospitali huchelewa kupeleka ankara. Pitia na orodha ya wanachama. Aliyeacha kazi Februari akibaki kwenye orodha mpaka Desemba, unamlipia, na pengine kadi yake bado inatembea.

Kwa Tanzania, kwenye matibabu ya nje mara nyingi utakuta malaria, taifodi na UTI zimejipanga juu kabisa. Usizikubali hivihivi. Taifodi nyingi hutokana na kipimo cha Widal, ambacho hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona. Maambukizi mengine nayo yanaweza kuziamsha. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara. Matokeo ya kutegemea Widal ni kwamba mtu mwenye homa ya mafua anaandikiwa sindano za antibayotiki siku tano, bima inalipa, na usugu wa dawa unazidi. Kaa na kampuni ya bima pamoja na hospitali mbili zinazopokea watu wako wengi, mkubaliane: dawa mseto itolewe baada ya kipimo cha haraka au hadubini kuonyesha malaria, na Widal peke yake isitoshe kuanzisha tiba. Halafu waelezeni wafanyakazi sababu. Mtu aliyezoea kutoka hospitali na mfuko wa dawa, akirudi mikono mitupu hudhani bima imekuwa ya kimaskini.

Fedha nzito, hata hivyo, ziko kwenye presha na sukari, na hazionekani mpaka mtu alazwe. Kiharusi kimoja huleta gharama za kulazwa, picha za ubongo na mazoezi ya viungo, na huo ni upande wa bima tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Taasisi ya RAND ya Marekani ilichunguza mpango wa afya ya wafanyakazi wa kampuni moja kubwa, matokeo yakatoka 2014: asilimia 87 ya akiba ya matibabu ilitokana na kuwasimamia wenye maradhi sugu, ambao walikuwa asilimia 13 tu ya washiriki. Zumba ya Ijumaa ifanyeni, inafurahisha. Msiiwekee matumaini ya kushusha bima.

Siku ya kupima presha na sukari ofisini ndiyo huharibiwa sana. Foleni ndefu, watu wamesimama, muuguzi anafunga kitambaa cha mashine ya presha juu ya shati, na nusu ya ofisi inaambiwa ina presha. Kila mtu aketi dakika 5 kimya, ameshapita chooni, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Mgongo uegemee, miguu yote miwili iguse chini, mkono uwe wazi na ulale mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Nunueni kitambaa kikubwa kwa mikono inayozidi sentimita 32 mzunguko. Kitambaa kidogo hupandisha namba bila sababu. Wauguzi wawili hupima watu kama 18 kwa saa, kwa hiyo watu 80 wagawe asubuhi mbili. Sukari ya kufunga inataka saa 8 bila chakula, basi chai na maandazi yangoje mlangoni pa kutokea. Walinzi wa zamu ya usiku wapangieni siku yao ya mapumziko. Wakitoka lindo wamekunywa chai saa tisa usiku, vipimo vyao havina maana.

Mwenye 140/90 au zaidi arudie siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Aliyefika 180/110 aonwe na daktari siku hiyohiyo. Sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L kwenda juu irudiwe maabara. Baada ya hapo ndipo mipango mingi hufa, kwa sababu hakuna anayefuatilia. Muuguzi mmoja awe na daftari na apige simu kila mwezi. Dawa zitolewe za miezi mitatu kwa mpigo. Kama mmeweka mgonjwa achangie kila anapokwenda hospitali, waondoleeni wenye presha na sukari, maana mchango mdogo huo ndio unaomfanya mtu aache vidonge mwisho wa mwezi. Ruhusa ya kliniki isikatwe kwenye likizo.

Daftari hilo lisifike kwa afisa rasilimali watu. Uongozi upewe jumla tu: wangapi wamepimwa, wangapi wana presha, wangapi imeshuka. Majibu ya mtu mmoja yakivuja, mwaka ujao hamtapata watu 20. Virusi vya UKIMWI visilazimishwe kupimwa, sheria ya 2008 inakataza. Na uchunguzi wa afya wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, hauchukui nafasi ya kazi hii: unaangalia madhara ya kazi yenyewe, kama kelele na vumbi.

Siku 60 kabla ya mkataba kuisha, omba bei za kampuni nyingine mbili ukiwa na ripoti mkononi. Kabla ya kuhama, soma kifungu cha maradhi yaliyokuwepo awali. Baadhi huweka muda wa kusubiri kabla ya kuyalipia, na watakaoumia ni walewale mliowagundua mlipopima. Dai muda huo ufutwe, kwa maandishi, kabla hujatia saini.