Jenereta iliyolala muda mrefu: nusa oili kabla hujagusa kamba

Mkuu, hiyo kamba ya kuwashia iache kwanza. Umeandika jenereta imekaa stoo zaidi ya mwaka na petroli ndani, koki ya petroli hukuifunga, oili kwenye kijiti cha kupimia "imejaa hadi imepita alama", na jamaa kakwambia uongeze petroli mpya juu ya ile ya zamani, upulize dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa, uvute mpaka ikubali. Halafu swali lako kubwa ni plagi gani ununue. Plagi!

Oili inaongezekaje yenyewe stoo? Imezaa?

Hiyo iliyozidi ni petroli, labda kama uliijaza kupita kiasi wewe mwenyewe. Koki ikiwa wazi, kinachoizuia petroli ni kisindano kidogo ndani ya kabureta kinachobanwa na floti, yaani boya dogo linaloelea kwenye petroli. Petroli ikikaa muda mrefu inaacha utando wa kahawia unaonata, kisindano kikikwama hakizibi tena. Inachuruzika usiku na mchana, inapita kwenye valvu, inashuka pembeni mwa ringi za pistoni mpaka kwenye oili. Ukichomoa kijiti unaona imejaa, roho inatulia.

Yangu ilitulia hivyo hivyo. Fundi mmoja, mwenye maneno mengi kuliko spana, alinihakikishia kwamba oili nyingi haijawahi kuua injini. Tukavuta, ikawaka safi, nikaita na watu waje waone. Moshi mweupe ulitanda, yeye akasema "inajisafisha hiyo". Muda si mrefu ikaanza kugonga, taka-taka-taka, kisha mlio mmoja mkubwa na kipande cha konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, kikatokea ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini. Mimi nimesimama pale na bisibisi mkononi, narekebisha sijui nini. Chekeni tu. Fundi alisema injini ilikuwa feki tangu kiwandani. Hela ya kazi alichukua.

Elewa kwa nini ilikufa. Nyingi ya injini hizi hazina pampu ya oili, kuna kijiko tu chini ya konrodi kinachorusharusha oili humo ndani. Na konrodi mara nyingi ni ya aluminiamu, inazunguka juu ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, bila beringi katikati. Kinachozitenganisha ni oili peke yake. Ikishakuwa nyepesi kwa petroli, chuma kinakula aluminiamu. Na usijidanganye kwamba sensa ya oili itakuzimia injini: sensa inaangalia kimo, haijui kama oili imekuwa nyepesi kama maji. Hiyo dawa ya kupuliza nayo inaosha hata ile oili kidogo iliyobaki kwenye kuta za silinda.

Kwa hiyo funga koki. Chomoa kijiti unuse. Ikinuka petroli, mwaga yote, na hata isiponuka mwaga, oili ya zamani unaionea huruma ya nini? Mwaga na petroli ya tangi, kisha ile ya kwenye bakuli la kabureta, kuna bolti chini yake. Fungua bakuli usafishe jeti (kale katundu kanakopitisha petroli) na kisindano, maana ukiacha kisindano kibovu oili mpya nayo itajaa petroli. Jaza oili mpaka alama, mashine ikiwa imekaa sawa, isizidi.

Kamba ikiwa ngumu kama imefungwa, usishindane nayo, silinda inaweza kuwa imejaa petroli. Toa plagi, waya wake uweke mbali na tundu, kisha vuta kamba taratibu petroli itoke. Moto wowote uwe mbali, sigara pia.

Ulitaja na betri, na kuhifadhi msimu ujao. Hayo wengine watakujibu. Wewe chomoa kijiti sasa hivi, unuse, urudi hapa useme kinanuka nini. Na huyo jamaa wa "vuta mpaka ikubali" muulize kama konrodi atanunua yeye.